Nani Alimwosha Winnie Maughan

Maiti ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Dympna Tuohy kabla hata hajainama. Kuinama kwenyewe siku hizi kulikuwa kazi, kwa sababu ya goti la kushoto ambalo daktari alitaka kulipasua, na yeye akamwambia lisubiri astaafu.

Mwanamke mzee, miaka sabini na kitu. Alikuwa amelala chali kwenye kichochoro kilichopita kati ya ukuta wa nyuma wa mtaa wa Ard Caoin na uwanja wa nyasi wa halmashauri. Miguu ilinyooshwa. Sketi ilivutwa ikafunika magoti. Mikono ilikunjwa kifuani, na rozari ikazungushwa vidoleni. Kola ya sweta ilikuwa imeganda damu, lakini uso haukuwa na tone.

"Ni kisogo," alisema Dakta Prunty, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti. "Kilipiga ukingo wa zege wa mtaro ule. Damu na nywele ziko pale pale. Halafu mtu akamvuta hatua mbili, akamlaza hapa, akamwosha."

"Akamwosha?"

"Uso, shingo, nyuma ya masikio. Kwa maji na kitambaa. Na usiniambie ni mvua, jana haikunyesha. Niliandika kwenye kalenda."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa tatu na saa tano usiku. Usinibane zaidi ya hapo."

"Alianguka au aliangushwa?"

"Ana michubuko miwili midogo, mmoja kila bega, upande wa mbele. Vidole gumba. Alisukumwa, si kwa nguvu nyingi. Kwa mifupa hii haihitajiki nguvu nyingi."

Tuohy aliutazama uso ule uliooshwa. Alimjua: Winnie Maughan. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Kila Julai, Alhamisi kabla ya Jumapili ya Makaburi, karavani tatu, nyumba zinazokokotwa na magari, za ukoo wa Maughan ziliingia Kilbrannagh na kutua kwenye uwanja ule. Mume wa Winnie alizikwa hapa. Siku padre anapobariki makaburi, kila familia husimama kwenye kaburi lake, na Wasafiri, Waairishi wanaoishi kwa kuhamahama na karavani zao, hawana tofauti na mtu mwingine katika hilo, ila wao hulazimika kuja na nyumba zao. Jumatatu huondoka. Siku nne tu kwa mwaka. Na kila Julai simu za kituo huanza kulia kabla karavani hazijafunguliwa kwenye magari: mara uchafu, mara kelele, mara watoto wetu. Kila Julai Tuohy hupeleka ilani ya halmashauri ya kuwaondoa, nao huipokea, na Winnie humkaribisha chai. Alikuwa amechoka na Julai.

Sajenti Cathal Brosnan alikuja na daftari lake mkononi. Alikuwa mtu mwepesi, mwenye majibu mapema kuliko maswali.

"Aliyemkuta ni Fintan Broderick, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anatembeza mbwa. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Huyo huyo aliyemwambia marehemu Alhamisi, mbele ya watu ishirini, kwamba atamtoa hapa kwa mikono yake mwenyewe." Alifunga daftari. "Kwa mikono yake mwenyewe, Inspekta. Na mabega yana vidole gumba."

"Nimesikia. Na ile je?"

Mtaalamu wa vielelezo alikuwa akiokota vipande kwenye upupu, chini ya ukuta. Vilikuwa vya bakuli kubwa la udongo, hudhurungi nje, jeupe ndani, lile la kukandia keki ambalo hakuna jiko la Ireland lisilokuwa nalo. Lilikuwa limevunjwavunjwa. Si limeanguka, limepigwa ukutani, na vipande vikubwa vikapigwa tena.

"Silaha," alisema Brosnan.

"Hakuna jeraha la bakuli," alisema Dakta Prunty bila kugeuka.

Chini ya mdomo wa kipande kimoja kulikuwa na unga uliokauka. Tuohy aliukwangua kwa ukucha wa glavu. Kwa nini mtu abebe bakuli la keki hadi kichochoroni, aoshe maiti, kisha alivunje kama anayelichukia?

* * *

Fintan Broderick alisimama nje ya utepe wa polisi, amemshika mbwa wake mfupi mwenye masikio makubwa. Hakuwa amenyoa.

"Jana usiku ulikuwa wapi, Bwana Broderick?"

"Nilimtoa mbwa. Saa tatu na nusu usiku hivi, Julai bado kuna mwanga. Nikafika mdomoni mwa kichochoro, nikampigia mluzi, nikageuka."

"Hukuingia?"

"Siingii wakiwa wapo."

"Unaogopa?"

"Sitaki maneno." Alimvuta mbwa karibu. "Najua nilichosema Alhamisi. Nilikuwa na hasira. Mke wangu anasema mdomo wangu una injini na hauna breki."

"Uliona mtu?"

"Sikutazama. Nilisikia kama sauti za wanawake. Nikasema, haya, wameanza, nikarudi nyumbani."

"Wanawake wangapi?"

"Wawili. Mmoja kama analia. Au anacheka, sijui." Ndipo akauliza swali ambalo Tuohy hakulitarajia. "Aliteseka?"

"Sidhani."

"Mungu wangu," alisema Broderick, na mbwa akaketi juu ya kiatu chake.

Brosnan alitaka kumkamata hapo hapo. Tuohy alimwambia achukue alama za viatu, aandike maelezo, na amwache akanyoe.

* * *

Uwanjani, watoto walikuwa wameingizwa ndani na mapazia yameshushwa. Davey Maughan, mwana mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya karavani ya mama yake, amekunja mikono, macho mekundu. Alikuwa mtu mkubwa, na watu wakubwa wanapolia huwa hawajui waweke wapi mikono.

"Pole, Davey."

"Asante, mama. Nipe jina."

"Sina jina bado."

"Huko kote kuna nyumba arobaini. Anza popote."

"Mlimwona mwisho saa ngapi?"

"Saa tatu. Alichukua chai yake akaenda kutembea. Tukajua akirudi atalala. Analala peke yake, hataki kusumbuliwa. Asubuhi ndiyo ving'ora." Alivuta pumzi. "Sikiliza. Pale pana watu wawili. Mmoja kamuua mama yangu. Mwingine kamwosha. Yule wa kwanza, ukimpata, nakuomba utangulie kumfikia kabla yangu. Yule wa pili nataka kumpa mkono. Nimeapa. Hata akiwa mtu wa nyumba zile. Nitampa mkono mbele ya watu wote."

"Davey, nikikwambia utulie mpaka kesho jioni, utatulia?"

"Kesho ni makaburi. Mji mzima utakuwepo. Vijana wetu wanakuja kutoka Athlone na Tuam, mama. Wakifika bila jina, watachagua lolote."

Hakuwa akitisha. Alikuwa akitoa taarifa, na Tuohy alimwamini.

"Mama yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Watano."

Nyuma yake, mkewe Philly alikuwa mlangoni akipangusa kikombe. Aliacha kupangusa, akatazama chini, kisha akaendelea.

Tuohy aliomba kuona karavani ya marehemu. Ilimeta. Kila kioo, kila kishikizo. Mikono yake mwenyewe ilikuwa na tope la kichochoroni, na kando ya mlango palikuwa na beseni la maji, basi akainama aisuuze.

"Siyo hilo!" Philly alipiga kelele kana kwamba mtu anaingiza mkono kwenye moto. "Siyo hilo, mama, hilo la vyombo! Hili hapa ndilo la mikono. Yesu, Maria!"

"Samahani. Sijagusa."

"Afadhali. Ungegusa ningelitupa. Beseni la chakula ni la chakula. Ukinawia humo, au mbwa akilamba, basi tena, si beseni hilo."

"Mnalitupa?"

"Tunalivunja. Usipolivunja mtu ataliokota alitumie. Nyinyi mnanawa kwenye sinki mnamooshea viazi, nasikia." Alisema bila ubaya. "Kila watu na mambo yao."

Tuohy alinawa kwenye lile la mikono, akasimama na maji yakimdondoka vidoleni.

"Philly, nikikwambia kuna mtu kachukua bakuli la kukandia keki, akamwoshea mkwe wako damu, halafu akalivunja vipande vipande?"

Philly aliangalia beseni la vyombo.

"Basi ni mmoja wetu," alisema polepole. "Lakini hapana. Si wa hapa. Sisi beseni la kunawia liko hapo nje, nani aende kuchukua la keki? Aliyechukua hilo katoka mbio kwenye jiko, hana kingine mkononi." Akashusha sauti. "Jiko la nyumba."

Brosnan, aliyekuwa amesimama nje, alianza kusema kitu. Tuohy alimnyamazisha kwa kidole.

"Davey kasema watoto watano."

"Davey hasemi sita."

"Wa sita ni nani?"

"Mimi sikumkuta. Nettie. Aliondoka na miaka kumi na tisa, akaolewa na mtu wa nyumba, si Msafiri, akapeleka habari kwamba asitafutwe. Baba mkwe akasema basi amekufa. Kwetu likishasemwa hivyo halirudiwi." Alikuwa amegeuka, anafungua kabati la juu. "Kama unatafuta karatasi zake mama, ziko kwenye bati hili. Hakujua kusoma, maskini, lakini alitunza."

Lilikuwa bati la biskuti. Ndani kulikuwa na kadi za ubatizo, picha ya mazishi ya mumewe, na barua sita zilizokunjwa vizuri. Tuohy alifungua moja. Akafungua nyingine. Zote zilitoka kwa kamati ya wakazi wa Ard Caoin, moja kwa kila Julai, zikiitaka halmashauri iwaondoe Wasafiri uwanjani, nakala kwa wahusika. Barua nzuri. Hazikuwa na tusi hata moja, na kila koma ilikaa mahali pake.

"Alitunza hizi?"

"Kila mwaka ananiita nimsomee. Mimi nasema, mama, hii inatufukuza. Yeye anasema soma. Mpaka jina la chini. Nikimaliza anasema, 'Mwandiko wa mtu aliyesoma huo.' Anaichukua anaiweka." Philly alipangusa macho kwa kitambaa cha vyombo, akakitazama, akakitupa kwenye taka. "Nilidhani ni uzee."

Tuohy alisoma jina la chini. *B. Considine, Katibu. Namba 14.*

"Alipenda kutembea wapi na chai yake?"

"Pale pale. Kila jioni. Anaenda hadi kwenye kile kigeti cha kijani, anasimama." Philly alionyesha kwa kidevu.

Kigeti cha kijani kilikuwa cha namba 14.

* * *

"Kwa hiyo ni Msafiri aliyejificha mtaani," Brosnan alisema walipokuwa wakizunguka kwenda mbele ya nyumba. "Si afadhali tukamkamate tu?"

"Kwa kosa gani? La kutunza mabeseni?"

"Kuna bakuli."

"Majibu ya maabara ni Jumatano. Jumatatu adhuhuri ilani inawafukuza hawa, na kesho wanakuja vijana wa Tuam. Twende polepole, Cathal, tukiwa na haraka."

Bernadette Considine alifungua mlango kabla ya kengele kumaliza. Alikuwa na miaka hamsini, nywele zimesukwa vizuri, kadi ya kamati imening'inia shingoni. Mumewe Tom, mwalimu mkuu wa shule ya mji, alikuwa amempeleka binti yao Sorcha kujaribu gauni la harusi. Harusi ilikuwa Agosti. Bwana harusi alikuwa mtoto wa Broderick.

"Ni jambo baya sana," alisema Bernadette. "Kamati itatoa rambirambi. Nimeanza kuiandika."

"Najua utaiandika vizuri," alisema Tuohy. "Jana saa tatu na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Jikoni."

"Unafanya nini?"

"Kazi za jikoni."

"Ulikuwa unaoka? Kesho kuna chai ya padre baada ya makaburi. Nimeambiwa keki yako ndiyo watu wanaigombania."

"Mwaka huu nimenunua ya dukani. Harusi imenichosha."

Jiko lilimeta. Kila kioo, kila kishikizo. Juu ya rafu kulikuwa na mabakuli mawili ya hudhurungi, dogo na la kati, na pembeni nafasi tupu ya kutosha bakuli kubwa. Tuohy aliitazama nafasi ile, akajisikia kuchoka hadi kwenye meno. Kuna kesi ambazo mtu huomba akosee.

"Samahani, mama, nataka kusuuza mikono," alisema. Akaenda kwenye sinki, ambamo palikuwa na beseni la plastiki lenye maji, akanyoosha mikono.

"Siyo humo!"

Ilikuwa sauti ile ile. Si ya mwenye nyumba anayelinda usafi wake; ilikuwa ya Philly, neno kwa neno, hofu kwa hofu. Bernadette mwenyewe aliisikia. Alifunika mdomo kwa mkono.

Mikono ya Tuohy ilibaki juu ya maji. Haikuwa imegusa.

"Asubuhi hii nimeambiwa hivyo hivyo," alisema kwa upole. "Kule ng'ambo ya ukuta. Na mke wa kaka yako."

Bernadette aliketi. Hakuketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, alienda hadi kile cha mwisho, chenye mgongo kwa dirisha.

"Cathal, msomee haki zake."

Brosnan alisoma onyo la kisheria lote, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Bernadette aliitikia kwa kichwa mwishoni, kama katibu anayekubali kumbukumbu za kikao.

"Bakuli liko wapi, Nettie?"

Jina hilo ndilo lililomvunja. Alilia bila sauti, muda mrefu, na Tuohy hakumharakisha.

"Nililivunja," alisema. "Lilikuwa limeshika damu yake. Nisingeweza kulirudisha kwenye rafu. Nilikaa pale nikalivunja moja moja, mtu angeweza kutokea wakati wowote, na sikuweza kuondoka kabla ya kulivunja. Miaka thelathini na moja sijakosea hata neno. Nimekosea kwa bakuli."

"Anza mwanzo."

"Nilimwambia Tom mimi ni yatima, nimelelewa na masista Birmingham. Yeye hakuuliza tena, ni mtu mwema. Tukahamia hapa kwa ajili ya shule. Kisha baba akaugua njiani, wakamleta hospitali ya hapa, akafa, wakamzika hapa. Ireland nzima, akachagua hapa." Alicheka kidogo, akaacha. "Julai ya kwanza, nimesimama na Tom kwenye kaburi la wazazi wake, nikainua macho, mama ananitazama kutoka upande wa pili wa njia. Hakusema kitu. Jioni nikasikia mtu kwenye kigeti. Kashika kikombe cha chai."

"Ukatoka."

"Dakika tano. Kila jioni, siku nne, kila mwaka. Tunaongea mambo ya kawaida tu. Miguu yake. Shule ya Sorcha. Dakika tano, halafu narudi kuandika barua ya kuwafukuza."

"Alijua ni wewe unayeandika?"

"Alijua! Alijivunia! 'Umeandika vizuri, mwanangu,' ananiambia. 'Philly kasoma hadi mwisho hakukwama hata mara moja.' Ningeomba anitukane. Hakuwahi." Alijipangusa. "Nisingeandika mimi, angeandika Fintan, na ya Fintan ingekuwa na matusi. Hivyo nilijiambia."

"Na jana?"

"Jana alisema ana uvimbe tumboni. Hatafika Julai nyingine. Alitaka kitu kimoja. Kesho, padre akibariki, nikasimame kwenye kaburi la baba. Nao. Mara moja tu." Alimtazama Tuohy. "Unajua maana yake. Mji mzima. Tom, Sorcha, wakwe. Nikamwambia mama, subiri harusi ipite. Akasema yeye hana tena kusubiri, akanishika mkono, akaanza kulia. Ndipo nikasikia mluzi. Fintan na mbwa wake. Nikamwambia nenda, anakuja, nenda! Hakuniachia. Nikamsukuma. Mabegani, hivi. Niliona tu Fintan anakata kona, ananiona nimeshikana mikono na Msafiri."

"Hakukata kona," alisema Brosnan, kisha akaonekana kujuta.

Bernadette aligeuka. "Nini?"

Tuohy alitamani sajenti angeumeza ulimi wake. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Alifika mdomoni mwa kichochoro akageuka. Hakuwa anakuja, Nettie. Haingii wakiwa wapo."

Friji iliguruma, ikaacha.

"Mtu hakuwa anakuja," alisema Bernadette. Alirudia mara ya pili, akilipima neno.

"Kwa nini hukuita gari la wagonjwa?"

"Alishakufa. Nilimshika, nikajua. Na ningeita, wangeuliza mimi ni nani." Alitazama mikono yake. "Nilikimbia ndani kuchukua maji. Unga ulikuwa bakulini, nikaumwaga, nikalijaza. Nikamwosha alivyokuwa akituosha sisi asubuhi, nyuma ya masikio kwanza. Hilo nililifanya vizuri. Liandike."

Brosnan aliandika.

* * *

Saa kumi na mbili jioni Tuohy alikwenda uwanjani peke yake kumpa Davey jina. Alimwambia yote, kwa mpangilio, akisimama kwa mguu mmoja kwa sababu ya goti. Davey alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani ya karavani ya mama yake, akafunga mlango, na hakutoka. Philly ndiye aliyewapigia simu vijana wa Tuam na Athlone, akawaambia jambo hili ni la nyumbani, hakuna wa kumpiga.

Bernadette alikuwa ameomba kitu kimoja tu mahabusu. Tuohy alimjibu kwamba haiwezekani. Usiku hakulala vizuri. Jumapili saa tisa alasiri alimtoa, akamwingiza kwenye gari lisilo na alama ya polisi, bila pingu, na kumwambia Brosnan kwamba mkuu wa kituo akijua, atastaafishwa na goti litapasuliwa mapema.

"Mimi sijaona kitu," alisema Brosnan, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuchelewa kuwa na jibu.

Makaburini watu walikuwa wamejaa, kila familia kwenye jiwe lake, miavuli imefunguliwa kwa manyunyu. Tom Considine alikuwa kwenye kaburi la wazazi wake na Sorcha kando yake, wote wawili na nyuso za watu waliokesha. Broderick na mkewe walikuwa nyuma yao hatua chache. Padre alikuwa ameshaanza safu ya kwanza na maji ya baraka.

Bernadette alitembea kwenye njia ya kokoto. Alimpita mumewe. Sorcha alisema, "Mama?" Alisimama kidogo, akamgusa shavu, akaendelea. Mji mzima ulimwona akivuka njia. Minong'ono ilianza, ikafa, kwa sababu hakuna aliyejua anong'one nini. Alikwenda hadi kwenye jiwe la Maughan, akasimama mwisho wa mstari, kando ya Philly, mikono imelegea.

Davey hakugeuka.

"Wewe ndiye uliyemwosha?" aliuliza jiwe.

"Mimi."

"Nyuma ya masikio?"

"Nyuma ya masikio kwanza."

Philly alirudi nyuma hatua moja, nafasi ikabaki kati yao wawili. Tuohy alisogea karibu, maana hakujua ule mkono mkubwa utafanya nini. Davey aliuinua, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaunyoosha kando bila kumtazama dada yake. Bernadette aliushika. Walisimama hivyo mpaka padre alipowafikia, akawanyunyizia maji, akasema maneno yake, akapita.

Ndipo Davey alipouachia.

"Huo ulikuwa wa kumwosha," alisema. "Niliapa. Kwa lile jingine, usinitazame tena maisha yangu yote."

Bernadette aliitikia kwa kichwa. Tuohy alimshika kiwiko, wakarudi kwa njia ile ile ya kokoto, polepole kwa sababu ya goti. Kwenye kaburi la Considine, Tom hakuwa amesogea. Alikuwa bado amesimama upande mmoja wa mwavuli wake, ameacha nafasi ya mtu.